Mtoni hadi Lushoto na Kopo la Spea

Niliondoka Mtoni kwa hasira, na sioni sababu ya kuanza masimulizi haya kwa kusema uongo. Wengine husafiri kwa sababu wamechoshwa na jiji, wengine wanataka kuona milima. Mimi niliwasha gari kwa sababu kaka yangu Idrisa alituita sebuleni kwake, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini kwamba Mama Mdogo Salma, mdogo wake mama yetu, ni mgonjwa sana huko Lushoto, na kwamba mama asiambiwe.

Asiambiwe kwa sababu ya presha. Ninyi mnaosoma haya mnalijua neno hilo. Mtu akishafika umri wa mama, akapewa vidonge vya presha, basi familia nzima inajifunza kunong'ona. Habari zinapitia mlango wa uani, simu zinapokelewa nje, na mwenye nyumba anabaki kuulizwa kama amekula.

"Na Mama Mdogo akifariki?" nilimuuliza Idrisa.

"Tutamwambia taratibu."

"Kabla ya kuzikwa au baada?"

"Rehema, usianze."

Nikaanza. Nilisema mpaka wifi yangu akaja kuangalia kama kuna mtu ameanguka. Mama ana dada mmoja tu aliyebaki duniani, na mimi nina gari. Mwisho Idrisa alikubali nimpeleke mama Lushoto kwa sharti moja: aambiwe tunakwenda kubadili hewa, basi. Akifika atajionea mwenyewe. Na mimi nikakubali sharti hilo. Ninaliandika hapa mapema ili msije mkaniona shujaa njiani.

Sasa niwaeleze gari, maana bila gari hilo safari isingekuwapo. Mama ana tatizo la nyonga. Hawezi kukaa kwenye kiti cha basi kwa saa saba, na gesti halali, anasema hajui shuka za watu. Kigari changu ni cha Kijapani, cha zamani, kifupi kuliko magari ya abiria, lakini nyuma kina kitanda, jiko la gesi la plate mbili, sinki dogo kama bakuli la mboga, na kabati ambalo ndani yake kuna choo cha kubebeka. Paa lake linainuliwa ukitaka kusimama wima. Nilikinunua kwa mtu wa Mbezi Beach aliyekichoka. Kilikuwa kimelala uani kwake, chumvi ya bahari imekula milango na sakafu mpaka unaiona barabara chini ya miguu.

Nimekihangaikia miaka mitatu. Nimekwangua kutu, nimeziba paa kwa silikoni kila mwaka kabla ya masika, nimeshona mapazia mwenyewe, nimeweka betri ya pili ya taa za ndani. Majirani wanakiita ambulensi. Hawajui kwamba mwalimu wa jiografia aliyechora milima ya Usambara ubaoni kwa miaka thelathini na moja naye anatamani kuipanda kabla hajafa.

Wiki mbili kabla ya safari nilikipeleka Tandika kwa Fundi Chidi, mwenye gereji bubu nyuma ya soko. Nilimwagiza vitu vitatu: oili, mikanda, breki. Niliporudi jioni alikuwa anajifuta mikono, mwenye furaha.

"Mwalimu, nimekutolea na themostati," alisema. "Ile haina kazi huku kwetu. Ni ya nchi za baridi."

"Nani alikwambia uitoe?"

"Aah, Mwalimu! Wote tunatoaga. Tena injini inapumua."

Themostati ni kidude kidogo cha shaba na chuma, kinaingia kiganjani. Sikujua kazi yake. Nilichojua ni kwamba gari ni langu, kidude ni changu, na hakuna aliyeniuliza. Tena najua tabia ya gereji: kinachotoka kwenye gari lako leo, kesho kimo kwenye gari la mwingine. Kwa hiyo nina sheria moja, kila kitakachotolewa nipewe mkononi. Nilikichukua nikakitia kwenye kopo la maziwa ya unga ninaloliweka chini ya sinki. Kesho yake nikaenda mpaka Kigamboni kupitia darajani na kurudi. Barabara tambarare, gari limetulia. Nikajiambia labda Chidi anajua kazi yake.

Mtoni, saa kumi na moja alfajiri. Mama alikuwa tayari tangu kabla ya adhana, amekaa kibarazani na kifurushi mapajani. Ndani ya kifurushi kulikuwa na doti ya kanga mpya, marashi na sabuni ya kuogea ambayo haijafunguliwa.

"Vya nani hivyo?"

"Vya mdogo wangu," alisema. "Au tunakokwenda kubadili hewa yeye hayupo?"

Nilijifanya nakagua taa.

Mpaka Kimara jua lilikuwa halijatoka na tulikuwa tunakwenda vizuri. Kibaha nilisimama kama tulivyopanga, kila baada ya saa moja, mama akajinyoosha kitandani nusu saa, mlango wa pembeni wazi. Alichungulia nje, akaniambia kwamba wauza korosho wa siku hizi wanakimbia kuliko magari. Nilimpikia chai kwenye jiko letu. Wanaume wawili walisimama kuangalia, mmoja akaniuliza dereva amekwenda wapi. Nilimwambia dereva ndiye anayekoroga sukari.

Chalinze, saa nne na robo. Kabla hatujafika njia panda niliona mshale wa joto umepanda juu ya nusu. Nikazima redio, kana kwamba redio ndiyo iliyokuwa inachemsha maji. Mshale ukaendelea kupanda. Nikaingia pembeni kwenye gereji ya kwanza niliyoiona, mvuke ukitoka mbele kama sufuria ya mihogo.

Fundi alikuja, akatazama ndani ya gari, akamwona mama, akatazama tena.

"Mzee yuko wapi?"

"Mzee gani?"

"Mwenye gari."

"Unaongea naye."

Akacheka kidogo. Aliinua boneti, akaguna, akasema neno ambalo mafundi wote wa nchi hii huanza nalo: "Nani alikutengenezea hili?" Kisha akaeleza kwamba feni inachelewa kuwaka. Kabla sijamaliza kumuuliza inachelewaje, alikuwa ameshakata waya.

"Nimekuungia direct," alisema. "Sasa hivi ukiwasha gari tu, feni nayo inawaka. Ile swichi ya nini? Inakusumbua bure."

Hapo nilipaza sauti. Nilimuuliza kama Wajapani waliokaa kiwandani wakaweka swichi walikuwa wanatafuta pa kupoteza muda. Nilimuuliza kama na yeye kwao wameunga taa direct, zinawaka mchana na usiku. Wenzake walicheka, yeye akanuna. Nilinyoosha mkono, akanipa swichi, nikaitia kwenye kopo. Mama alikuwa amelala na macho wazi.

"Sasa na hicho nacho hakina kazi?" aliuliza.

"Ndivyo wanavyosema."

"Hm," alisema mama.

Barabara ya kuelekea kaskazini nilikwenda polepole, macho yangu yakiwa zaidi kwenye mshale kuliko kwenye mandhari. Siwezi kuwasimulia Wami. Nilivuka daraja nikihesabu milimita. Malori yalinipita yakipiga honi. Mkata tulisimama, Kabuku tukasimama, kila mara namwaga maji kwenye rejeta na kungoja. Segera jamaa mmoja wa kituo cha mafuta alinishauri nitoe kifuniko cha rejeta na nitembee hivyohivyo, presha isipate pa kukaa. Nilimwambia aanze na cha gari lake. Tulilala hapohapo kituoni, mama kitandani na mimi kwenye ubao wa juu chini ya paa, milango imefungwa, na asubuhi tukaondoka mapema wakati hewa bado baridi.

Mombo, saa mbili asubuhi. Hapa ndipo barabara ya lami inapoiacha tambarare na kuanza kuparamia mlima kwenda Soni na Lushoto. Nilikuwa nimeichora njia hii ubaoni mara nyingi. Ubao hauna kona wala bonde upande wa kushoto.

Kilomita ya tano gari lilichemka. Safari hii lilichemka kwa kelele, likapuliza mvuke mpaka kioo kikafunikwa. Nilisimama pembeni, nikaweka mawe nyuma ya matairi, nikakaa juu ya jiwe la tatu, nikalia. Sikulia kwa huruma, nililia kwa ghadhabu. Kule juu, mwendo wa saa moja, kuna mtu anayekufa. Huku chini mama yangu amefika mpaka miguuni mwa mlima akiwa hajui. Na kati yetu kuna wanaume wawili walioamua, kwa niaba yangu, ni kipi kwenye gari langu kina kazi na kipi hakina.

Injini ilipopoa tuligeuza, tukarudi Mombo kwa mteremko. Mwenye duka la mafuta ya taa akanielekeza kwa Fundi Elisha, nyuma ya kituo cha mabasi.

Elisha ni mtu mnene, hana maneno, uso wake kama amedhulumiwa asubuhi. Alinisalimu, akamwamkia mama shikamoo, akaweka mikono mifukoni.

"Gari la nani?"

"La kwangu."

"Limetolewa nini?"

Nilimtazama. Wenzake wote walitaka kujua nani alilitengeneza, wamcheke. Huyu alitaka kujua kimeondoka nini. Niliingia ndani, nikaleta kopo, nikalimimina juu ya kitambaa. Themostati ikabingirika, ikafuatwa na swichi na misumari miwili ya pazia.

Elisha aliokota themostati akaigeuza kwenye mwanga.

"Aliyeitoa hii alikwambia huku ni joto."

"Ndivyo."

"Wote wanasema hivyo." Akachuchumaa, akachora vumbini kwa spana. "Gari jingine ukiitoa linavumilia. Hili la kwako halivumilii. Maji yana njia mbili: hii ya mkato, yanarudi injini yakiwa ya moto, na hii ya kwenda kwenye rejeta yakapoe. Hiki ndicho kinachofunga njia ya mkato. Kimetoka, kwa hiyo maji mengi yanapita mkato. Tambarare, mwendo mfupi, unasalimika. Mlimani husalimiki, hata ukifunga feni tatu."

Nilifundisha watoto mizunguko ya maji ya dunia nzima, huu wa gari langu sikuwahi kuonyeshwa.

"Bado kizima?" niliuliza.

"Una sufuria?"

Nikawasha jiko letu la gesi. Elisha akatia themostati kwenye sufuria ya chai, akaifunika kwa maji, tukasimama watatu mlangoni mwa kigari, mama amekaa kwenye ngazi ameshika nyonga. Maji yalianza kuimba, kisha kutoa mapovu. Kidude kilikaa vilevile. Nilishaanza kukata tamaa. Halafu taratibu, kama mtu anayeamka, kikafunguka katikati.

"Kizima," alisema Elisha, akakinyanyua kwa koleo. Kilipopata hewa kikajifunga tena. "Nipe saa mbili. Gasketi yake, ile karatasi ya kuzuia maji yasivuje, nitaikata mwenyewe."

Akaenda zake na kopo langu. Mama aliendelea kuyatazama maji yanavyotulia kwenye sufuria.

"Yule wa Tandika," alisema, "alikuuliza kabla hajakitoa?"

"Hakuniuliza, mama. Ndicho kinachoniuma."

"Labda alikuhurumia. Aliona utasumbuka nacho bure."

"Nani kamwomba huruma? Gari si langu?"

"Ndiyo nakuuliza mie." Akainua uso. "Salma ana hali gani?"

Niliangalia mlima, nikaangalia sufuria.

"Kila Ijumaa baada ya swala mie na Salma tunaongeaga kwenye simu," mama aliendelea. "Miaka na miaka. Ijumaa sita sasa, mara simu haina chaji, mara kalala, mara mtandao. Nyie mnatoka nje na simu zenu, mkirudi mnaniuliza kama nimekula. Mnafikiri nyonga ikiuma na masikio yanakufa? Nimekaa kwenye gari lako tangu jana namsubiri mwanangu aseme. Hukusema. Umewatukana mafundi njia nzima, mie hukuniambia kitu."

Sikuwa na pa kujificha, kigari chenyewe ni kifupi. Nilikaa kwenye ngazi kando yake, nikamwambia yote: kikao, mlango uliofungwa, sharti la Idrisa, na kwamba nililikubali. Nilimwambia kwamba figo za Mama Mdogo zimechoka na madaktari wamemrudisha nyumbani. Nilitegemea aanguke. Ndivyo tulivyofundishwa, ukimwambia ataanguka. Mama alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya mtandio, akaomba maji, akameza kidonge chake cha asubuhi ambacho tulikisahau kwa sababu ya mvuke.

"Mwambie huyo fundi asichelewe," alisema.

Soni, saa sita mchana. Sasa naweza kuwasimulia mandhari, kwa kuwa macho yangu yalikuwa huru. Mshale ulipanda mpaka katikati, ukakaa hapo. Kona zilikuja moja baada ya nyingine, bonde likazidi kwenda chini, hewa ikapoa, mama akafungua dirisha akaanza kunitajia majina ya sehemu ambazo kwenye ramani zangu hazikuwahi kuwapo. Hapa walikuwa wakipumzika na mizigo ya kabichi, pale alianguka babu yake. Elisha alikuwa ameirudisha na swichi ya feni. Nilisikia feni ikiwaka, ikizima, ikiwaka tena, kila ilipohitajika. Niliwatukana Chidi na yule wa Chalinze kwa majina yote ninayoyajua, halafu nikanyamaza, kwa sababu mama alikuwa ananitazama na nilijua anafikiria nini.

Lushoto, saa saba na nusu. Nyumba ya Mama Mdogo iko juu ya mji, kwenye njia ya udongo mwekundu. Binti yake, Hadija, alitoka mbio akiwa na unga mikononi. Alipomwona mama alifurahi, kisha akaogopa, akanivuta pembeni.

"Dada Rehema, mama yangu hatujamwambia kama mnakuja. Tuliona asije akashtuka. Tumemwambia Mama Mkubwa hawezi kusafiri, miguu haifanyi kazi tena."

Nilicheka mpaka Hadija akadhani nimechanganyikiwa. Milima yote ile katikati, na tulikuwa tumefanya jambo lilelile pande zote mbili. Mama hakungoja nimalize kucheka. Alipita katikati yetu na fimbo yake, akasukuma mlango.

Mama Mdogo Salma alikuwa amelala ubavu, amekuwa mdogo kama msichana. Alimtazama dada yake muda mrefu.

"Wameniambia hutembei tena," alisema.

"Natembea na kitanda changu," alisema mama. "Kiko nje."

Mama Mdogo alitaka kukiona. Hadija alisema haiwezekani, mgonjwa hajatoka chumbani tangu mwezi uliopita, baridi, vumbi, presha. Nilimuuliza Hadija kama mgonjwa mwenyewe ameulizwa. Mama Mdogo akasema, "Nibebeni." Tukambeba. Alikuwa mwepesi. Tukawalaza wawili kwenye kitanda cha kigari, kichwa kwa kichwa, mlango umefunguliwa upande wa bonde, tukawafunika blanketi moja. Waliongea Kisambaa, lugha ambayo mama hakutufundisha. Nilichemsha chai kwenye sufuria ileile ya themostati.

Tulikaa siku nane. Kila siku jua likitoka Mama Mdogo alibebwa mpaka garini, na mama akamvika zile kanga mpya. Alikula makande vijiko viwili vitatu, akanywa maziwa, akamsema mama kwa makosa ya utotoni. Siwezi kusema alipona. Lakini alikuwa mtu anayezungumziwa akiwa yupo. Idrisa alipiga simu kila jioni kuuliza kama tumemficha mama maneno ya madaktari, na mimi nikamjibu kwamba hali ni nzuri, mtandao ukakatika kwa mkono wangu.

Siku ya tisa, saa moja asubuhi, tulianza kurudi. Vidonge vya mama vilikuwa vinaisha na siku yake ya kliniki ilikuwa imefika. Dada wawili waliagana bila kelele. Mama Mdogo alimshika mama mkono, akamwachia mwenyewe. Tuliteremka mlima, tukapita Mombo nikampigia Elisha honi, tukapita Korogwe. Mama alikaa mbele nami, hakutaka kulala.

Kabuku, saa nne. Simu ililia, nikasimama pembeni ya barabara. Alikuwa Idrisa.

"Rehema, Mama Mdogo ametutoka. Saa tatu hii hii. Sikiliza, usimwambie mama. Mko njiani, atakuangukia. Mlete mpaka nyumbani, tutakaa naye wote, tutamwambia taratibu."

"Maziko lini?"

"Leo, baada ya alasiri. Kwa hiyo hakuna haja. Hamuwahi."

Mama alikuwa ameweka mikono mapajani, anatazama mbele kama mtu aliyezoea watu kunong'ona kando yake. Lori lilipita, kigari kikatikisika. Idrisa alikuwa bado anasema taratibu, taratibu. Nilizima simu. Nakiri kwamba kwa dakika moja nzima niliogopa. Niliona mama amelala barabarani, niliona Idrisa akininyooshea kidole mbele ya ukoo.

"Mama," nilisema, "Mama Mdogo ametutoka asubuhi hii. Maziko ni leo baada ya alasiri."

Mama alifumba macho. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Alikaa hivyo, midomo inatembea, machozi yanashuka bila sauti. Niliushika mkono wake, nikausikia ni wa moto. Halafu akafumbua macho, akatazama saa kwenye dashibodi.

"Sasa umesimama unangoja nini?" alisema. "Geuza gari."

Niligeuza. Nilikanyaga mafuta kama sijawahi kukanyaga. Korogwe hatukusimama. Mombo hatukusimama. Kwenye mlima nilikuwa naomba dua kwa sauti, mama akiitikia, na mshale ulipanda mpaka katikati ukakaa palepale, kona baada ya kona, mpaka Soni, mpaka Lushoto. Kama kidude kile kingekuwa Tandika kwenye gari la mtu mwingine, mama angemaliza siku ile kwenye lile jiwe nililokalia nikilia.

Saa saba na nusu tuliingia. Wanawake walikuwa wamejaa uani, maji yanachemka jikoni. Walipomwona mama wakampisha, wakamletea mkeka, mmoja akasema, "Bibi, kaa hapa upumzike. Waoshaji wapo, usijisumbue." Nilishafungua mdomo nimjibu. Mama akanitangulia.

"Mie ndiye niliyemwosha alipozaliwa," alisema. "Mama yetu alikuwa mgonjwa. Nilikuwa na miaka tisa. Nipeni maji."

Akatoa sabuni kwenye kifurushi, ileile ambayo haikuwa imefunguliwa, akaingia. Mlango ukafungwa. Safari hii alikuwa ndani.

Mtoni, siku nne baadaye, adhuhuri. Idrisa alikuwa amekaa kibarazani akitungoja, na mashine ya kupimia presha mezani. Mama alinyoosha mkono akapimwa. Idrisa akaangalia namba, akapima tena, akafunga mashine bila kusema ni ngapi. Mama akaingia ndani kujinyoosha. Nilimwambia kaka yangu kwamba kesho nakwenda Tandika kuonana na Fundi Chidi, nina maneno yake. Nilimwambia pia nilichojifunza, kwamba mtu anaweza kukuondolea kitu chako kwa nia njema kabisa, na mlima ukishakukamata, nia njema haivuti gari. Nami nilikuwa mmoja wao, nilimwambia.

Idrisa alivuta kiti karibu nami, akatazama dirishani, akashusha sauti.

"Sasa arobaini ya marehemu," alinong'ona, "nadhani mama asiende. Tumwambie tu kwamba—"

"Idrisa," mama aliita kutoka ndani. "Sema kwa sauti. Mie bado nipo."

Kaka yangu alinitazama, mimi nikamtazama. Kisha akanyanyua kiti chake, akakiingiza ndani, akakiweka kando ya kitanda cha mama, na akaanza upya.